Bei ya gari na gharama za mezani: Uislamu wasemaje?

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunaleta mazungumzo juu ya jambo linalozigusa familia nyingi za Kiislamu siku hizi, nalo ni ununuzi wa gari, hususan zile gharama ambazo mnunuzi hazisikii wakati wa kupatana bei, akaja kuzikuta mezani wakati wa kulipa.

Tuanze na kisa. Mwalimu mmoja mstaafu, mkazi wa Dar es Salaam, alikuwa na mkewe mgonjwa wa figo. Mama huyo alitakiwa kufika hospitalini mara tatu kila wiki kusafishwa damu, na safari hizo zilikuwa za bajaji, alfajiri kwenda na adhuhuri kurudi, naye hana nguvu hata ya kushika chuma cha kiti. Familia ikakaa kikao. Mwalimu alikuwa na sehemu ya kiinua mgongo chake, binti yake mkubwa akatoa fedha za upatu, na mdogo wake aliyeko Tanga akauza ng'ombe wawili. Zikapatikana shilingi 16,500,000.

Wakaenda katika yadi moja wakaona Toyota IST iliyotumika Japani, ndogo, isiyokula mafuta mengi. Kwa watu wa kawaida wa nchi zetu, hilo ndilo gari jipya. Kijana muuzaji akataja shilingi 17,500,000. Wakapatana hadi 16,500,000, "pamoja na namba zake", kijana akasema mwenyewe. Mwalimu akatoa arbuni ya shilingi 2,000,000, akapewa stakabadhi ndogo, akaambiwa arejee baada ya siku tatu na fedha zilizobaki.

Siku ya tatu alipofika, aliwekewa mezani karatasi iliyopigwa chapa. Chini ya bei ya gari palikuwa na mistari mitano. Maandalizi ya nyaraka shilingi 350,000. Usajili na namba 650,000. Bima kubwa 900,000. Alamu ya kuzuia wizi 480,000. Huduma ya yadi 220,000. Jumla ya nyongeza ilikuwa shilingi 2,600,000, na jumla kuu 19,100,000.

"Mwanangu," Mwalimu akasema, "mbona tulipatana?"

"Mzee wangu, tulipatana bei ya gari. Hizi ni gharama. Kila mtu analipa."

Mwalimu akasema hana fedha hizo. Kijana hakukasirika, bali alimwonesha bwana mmoja aliyeketi meza ya pili, mtu wa mikopo. Angepewa shilingi 2,600,000 papo hapo, arejeshe 3,400,000 kwa miezi minane. Na kama hataki? Basi arbuni yake hairudi, ndiyo desturi ya yadi.

Mwalimu alichukua kalamu. Alikumbuka chuma cha kiti cha bajaji. Kisha akaiweka kalamu chini, akaomba apewe hadi kesho yake.

Usiku ule alimsimulia mkewe. Mama alinyamaza kitambo, kisha akamwambia, "Mwalimu, gari hilo litanipeleka mimi kusafishwa damu. Sisi na riba, nani atatusafisha?"

Faida kubwa si dhulma

Baada ya swala ya Alfajiri, Mwalimu alikwenda kwa imamu wa msikiti wake. Jambo la kwanza aliloambiwa halikuwa alilolitarajia. Imamu hakuanza kumlaani muuzaji. Alimweleza kwamba Uislamu haukuweka kikomo cha faida kwa kiwango maalumu.

Ushahidi wa hilo ni mashuhuri. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alimpa sahaba Urwa al-Bariqiy (R.A.) dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua kondoo wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarejea na kondoo na dinari yake. Hiyo ni faida ya asilimia mia, na Mtume (S.A.W.) hakumkemea, bali alimwombea baraka katika biashara yake. Vilevile, kwa mapokezi ya Anas bin Malik (R.A.) yaliyomo kwa Abu Daud na Tirmidhi, bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, akakataa, akawaambia kuwa Mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, naye anatumai kukutana na Mola wake pasiwe na mtu mwenye kumdai dhulma.

Kwa hiyo mwenye yadi akitaka shilingi milioni 20 kwa gari ambalo jirani yake analiuza milioni 16, na akasema wazi kuwa hiyo ndiyo bei yangu, hajafanya haramu. Mnunuzi ana miguu, atakwenda kwa jirani. Aidha, mwenye yadi analipa pango, walinzi, mishahara na kodi, na magari yake huweza kukaa juani miezi mingi bila mteja.

Iko wapi basi dhulma? Iko katika kuficha. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu (S.W.) amewakataza Waumini kuliana mali zao kwa batili, akavua katika katazo hilo biashara iliyo ya kuridhiana. Ridhaa ndiyo roho ya biashara. Na mtu haridhii asichokijua. Aliyeridhia 16,500,000 hakuridhia 19,100,000, na kumbana kwa arbuni yake hadi akubali si kumridhisha, ni kumchosha.

Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wao. Tuzingatie, ndugu zangu: kosa la mtu yule halikuwa kunyeshewa na mvua, bali kuiweka nafaka kavu juu na mbichi chini. Na karatasi ya gari yenye bei nzuri juu na mistari mitano chini ina tofauti gani na rundo lile?

Ama mkataba umetimia, ama haujatimia

Imamu akamfundisha Mwalimu hoja moja nyepesi lakini nzito. Mafaqihi wameshurutisha kuwa bei katika mauziano iwe yenye kujulikana. Sasa, siku ile ya arbuni, mauziano yalitimia au hayakutimia?

Ikiwa yalitimia, basi yalitimia kwa shilingi 16,500,000 pamoja na namba. Muuzaji hana haki ya kuongeza hata senti kwa upande wake peke yake, kwani Waislamu wamo katika masharti yao, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu.

Na ikiwa hayakutimia, kwa kuwa bei kamili ilikuwa bado haijatajwa, basi muuzaji ameishika arbuni kwa haki gani? Jamhuri ya wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, hawakujuzisha muuzaji kuila arbuni pale biashara isipokamilika. Wanazuoni wa Kihanbali wamejuzisha, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, lilijuzisha pia kwa sharti la kuwekwa muda maalumu. Lakini hata kwa kauli hiyo, arbuni huliwa mnunuzi anapogeuka. Hapa aliyegeuka ni nani? Aliyebadili neno ni muuzaji.

Je, aliyenunua kwa bei ya juu mno kwa kutojua soko anaweza kuvunja mauziano? Jambo hilo huitwa ghabni, na wanazuoni wamekhitalifiana. Wako wa Kimaliki na Kihanbali wanaompa haki ya kuvunja ikiwa amepunjika kupita kiasi, na baadhi yao wamekadiria thuluthi ya thamani. Wanazuoni wa Kishafi hawampi haki hiyo kwa ghabni peke yake, wakisema alikuwa na nafasi ya kuuliza asiulize. Bali wanampa haki ya kurejesha bidhaa anapokuta aibu iliyofichwa, mfano gari ambalo mita yake ya kilomita imerudishwa nyuma, au lililopata ajali likapakwa rangi likanyamaziwa. Hili ni funzo kubwa kwetu: kauli hii inamtaka Muislamu awe macho kabla ya kulipa, asitegemee kulia baadaye.

Sheria haikumwacha asiyejua soko bila kinga. Zama za Mtume (S.A.W.) alikuwapo mtu aliyekuwa akihadaiwa katika biashara, wapokezi wengine wamemtaja kuwa ni Habban bin Munqidh (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimwelekeza kwamba kila anapofanya mauziano atamke wazi kuwa hapana kuhadaana, na katika baadhi ya mapokezi akapewa hiari ya siku tatu. Hapo ndipo penye msingi wa khiyari ya sharti, ambayo kwa Washafi haizidi siku tatu. Mnunuzi wa gari leo anaweza kusema, na kuandika katika stakabadhi: nina hiari ya siku tatu, nikaguliwe gari na fundi wangu, nisiporidhika narejeshewa fedha zangu zote. Muuzaji mwenye gari zima hataogopa sharti hilo.

Kabla hujatoa arbuni

Baada ya elimu ya dini, tuje katika elimu ya soko, kwani Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratul-Baqara, aya ya 282, kuandikiana deni la muda maalumu, na hekima ya kuandika ni kukata mizozo.

Kwanza, uliza bei ya mwisho, si bei ya gari. Watangazaji wa magari ya Japani hutumia maneno FOB na CIF. FOB ni bei ya gari likiwa bandarini kule linakotoka. CIF ni bei hiyo pamoja na bima ya safari na nauli ya meli hadi Dar es Salaam au Mombasa. Zote mbili hazina ushuru wa forodha, wala gharama za bandari, wala ujira wa wakala, wala usajili. Familia nyingi zimeingia katika madeni kwa kudhani CIF ndiyo bei ya gari likiwa mlangoni. Sema: nataka bei ya gari likiwa na namba, kadi kwa jina langu, ufunguo mkononi. Iandikwe, itiwe saini, ndipo arbuni itoke.

Pili, tenganisha kodi na ada za yadi. Kodi ya serikali haifichiki. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo katika tovuti yake ambacho mtu huingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, akaona makadirio ya ushuru. Hata asiyejua kutumia kompyuta, mwanawe au mpwawe anajua. Muuzaji akisema "hii ni ya serikali", mwombe namba ya malipo na stakabadhi yake. Na kama karatasi ingali ina mstari wa "rodi laisensi" ya mwaka, jua kuwa ada hiyo ilifutwa Tanzania Bara tangu mwaka 2017.

Tatu, jihadhari na dola. Mtu hutajiwa bei kwa dola, kisha siku ya kulipa hubadilishiwa kwa kiwango alichokipanga mwenye yadi. Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2025 zinazokataza kutangaza na kutoza kwa fedha za kigeni bei za bidhaa na huduma za humu nchini. Taka bei kwa shilingi.

Nne, bima ni yako kuchagua. Sheria inalazimisha bima ndogo, yaani ya kuwafidia wengine. Bima kubwa ni hiari, isipokuwa pale aliyekukopesha ameishurutisha. Nayo unaweza kuikata popote, na si lazima iwe kwa wakala anayekaa ndani ya yadi. Vivyo hivyo alamu, zulia, au vioo vya giza: usichokiagiza hulazimiki kukilipia.

Tano, wanaonunua kwa murabaha katika benki za Kiislamu nao wasilale. Katika murabaha benki hulinunua gari kwa muuzaji, kisha humuuzia mteja kwa nyongeza inayojulikana. Ikiwa ankara ya yadi imevimbishwa, benki italipa uvimbe huo, na mteja atauzidishia faida juu yake kwa miaka kadhaa. Halali ya mkataba wa benki haifuti hasara ya ankara mbovu.

Sita, usiende peke yako, wala usioneshe haja yako. Mwalimu alikiri kuwa kosa lake kubwa lilikuwa kumweleza muuzaji, siku ya kwanza kabisa, habari za ugonjwa wa mkewe. Alitaka kuhurumiwa. Kumbe alimwambia mwenzake kuwa hawezi kuondoka bila gari.

Ikishindikana suluhu, mlango wa sheria upo. Tanzania ina Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na miongoni mwa kazi zake ni kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu. Ndugu zetu wa Kenya wana ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inayotaja haki za mlaji, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Kumshitaki aliyekudhulumu si kukosa subira. Subira ni nguvu, si kunyamaza.

Neno kwa wenye yadi na vijana wao

Ndugu yangu mfanyabiashara, huenda leo utasimama safu moja na mtu uliyemwongezea mistari mitano. Utamtolea salamu kuliani. Mkumbuke Jarir bin Abdullah (R.A.), aliyempa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Tabarani amepokea kuwa mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi akamwambia mwenyewe kuwa mnyama wake anastahiki zaidi, akawa anampandishia bei hata ikafika dirhamu 800. Farasi ndiye gari la zama zile. Mnunuzi alikataa kumpunja muuzaji asiyejua thamani ya mali yake. Sisi hatukuombi ufike daraja hiyo. Tunakuomba bei uliyoitamka Jumatatu iwe ndiyo hiyo Alhamisi.

Na wanunuzi nasi tujitazame. Wako wanaomsihi muuzaji aandike bei ya uongo ili kodi ipungue, na wanaouza magari yao makuukuu wakinyamazia injini inayokunywa oili. Onyo la Suratul-Mutaffifin linamhusu yule anayetaka kujaziwa anapopokea na akapunguza anapotoa. Huwezi kulilia mizani ya mwenzako nawe umeikalia yako.

Tumalizie kisa. Mwalimu alirejea yadini siku ile ile pamoja na mpwa wake, wakala wa forodha, na karatasi yao mkononi. Hawakupiga kelele. Walipita mstari mmoja baada ya mwingine. Usajili na namba: "Mlisema pamoja na namba zake." Ukafutwa. Alamu: "Hatukuiagiza, iondoeni." Ikafutwa. Huduma ya yadi: "Ni huduma gani?" Hapakuwa na jibu. Bima, Mwalimu akasema ataikata mwenyewe, na atakata ile ndogo. Nyaraka zikabaki, zikashushwa hadi shilingi 150,000, nazo alizilipa ingawa hakuridhika nazo. Fedha hizo pamoja na za bima alimkopesha mpwawe, bila nyongeza.

Kijana muuzaji, alipokuwa akimkabidhi ufunguo, alimwambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, sisi hapa kwenye gari hatuli kitu. Tunakula kwenye karatasi."

Mwalimu akamjibu, "Basi mwanangu, ombeni riziki yenu iwe kwenye gari. Bandikeni bei yenu ya kweli kwenye kioo cha mbele, anayeiweza aichukue."

Kutoka katika shilingi 2,600,000 hadi 150,000 na bima ndogo: hiyo ndiyo tofauti ya usiku mmoja wa kuuliza. Lakini hesabu kubwa zaidi haimo katika karatasi ile. Mume na mke walinusurika kuingia katika riba kwa ajili ya alamu ya gari. Ni familia ngapi zimesaini papo hapo, zikaona aibu kuuliza mbele ya watu, na sasa zinalipa kila mwezi deni lililoanzia katika mistari mitano?

Basi ndugu msomaji, leo baada ya swala waelezeni vijana wenu na wazee wenu. Kuuliza bei si ushamba, na kuondoka mezani si fedheha. Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atutosheleze kwa halali yake tuepukane na haramu yake, awaponye wagonjwa wetu, na azitie baraka biashara za wakweli miongoni mwetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.